Sanduku la Jaji Penniman

Nimelifungua leo, siku moja baada ya mazishi,
sanduku ulilolifunga nyuma ya tandiko miaka kumi na mmoja:
joho lililotobolewa na nondo mabegani,
miwani yenye kioo kimoja,
barua ya uteuzi, lakiri yake imepasuka
kama barafu ya mtoni mwezi wa Machi.

Ni mimi, Asahel Tuttle, karani wako,
niliyenakili hukumu zako kwa wino ulioganda,
nikiupasha joto kwapani kama yai.

Baba yako alikuwa fundi wa mapipa, hukusahau.
"Majimbo ni mbao," ulikuwa ukisema, "Shirikisho ni pete ya chuma.
Legeza pete, kisha uniambie utakunywa nini."
Ulisema hivyo Rutland, ukasema Windsor,
ukasema kwenye kilabu kimoja kisicho na jina
tuliposikiliza kesi ya magendo
nawe ukagonga meza kwa kikombe cha bati,
maana nyundo tuliiangusha kwenye theluji.

Halafu Zadok Frisbie, mpiga chapa,
akamwita rais bata mzinga aliyevaa wigi.
Miezi minne jela. Faini dola mia mbili.
Mkewe alisimama mlangoni, mtoto kifuani,
hakulia, alikutazama tu.
"Sheria ni msumeno," ulinong'ona tukitoka,
na usiku ule hukugusa supu.

Msumeno ukarudi nyuma.
Kura zikageuka, chama chako kikayeyuka,
bunge likaifuta mahakama yako kwa aya moja.
Barua ilikukuta ukinoa shoka.
Uliisoma, ukaikunja, ukamaliza kunoa.
"Waliniapisha cheo cha maisha," ulisema.
"Kumbe ni maisha ya cheo."

Miaka ishirini ukaamua ugomvi wa nguruwe na ua,
bila malipo,
na watoto wakakuita Jaji kwa mazoea.

Chini ya joho nimekuta gazeti la Frisbie,
kila toleo tangu alipotoka jela,
limefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.
Pembeni umebishana naye hadi karatasi imechoka;
na makosa yake ya herufi, yote,
umeyasahihisha kwa wino mwekundu.

Juzi alikuja, mzee sasa, vidole vyeusi vilevile.
Tanzia, mistari mingapi? Nikamwambia minne,
ndiyo tuwezayo kulipia.
Amechapa kumi na miwili, hakutaka hata senti.
Humo hakukusamehe. Hakukutukana pia.
Ila jina lako amelikosea, amelipunguza N moja.

Nimekaa mezani kwako.
Naitafuta ile chupa nyekundu.