Asirudishwe

Kosa langu nalijua, sitalipaka poda.
Nilimgongea kadi Riziki, alfajiri tatu mfululizo,
yeye bado yuko foleni ya bafu kule Wadi Kabir,
wanawake ishirini na wawili, bomba moja.
Mashine ikalia tii, nikasema: haya, shoga, uko kazini.
Kumbe darini kuna jicho lisilolala.

Riziki alipewa barua ya onyo.
Mimi nilipewa mfuko mweusi wa kutilia viatu.
Na msimamizi, kijana mpole, Mungu amhifadhi,
akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe
safu ya mwisho mbele ya jina langu:
asirudishwe.
Kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, lugha mbili
ambazo sijapata kuziona zikielewana upesi vile.

Nilidhani ni neno la ofisi ile tu.
Neno lina miguu.
Lilinitangulia Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la saa.
Lilinitangulia Ghubra, kwenye zahanati ya meno.
Al-Khuwair nilipobisha hodi
lilikuwa limeshakaa, limeshakunywa chai.
"Uliacha kwa nini?"
Jawabu nililifanyia mazoezi kwenye kioo cha lifti:
mkataba uliisha; tuliagana vizuri; nilikuwa na mgonjwa.
Uongo mwepesi, ila mdomo wangu wa Msambweni hauna breki,
nikifika katikati nasema kweli,
nao hufunga faili taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Mwezi wa sita. Lami inanuka.
Nanunua maji ya baisa hamsini, nanywa nusu,
nusu ni ya kurudia.
Nyumbani wanauliza, mbona kimya?
Nawajibu, benki zimefungwa.
Benki gani hiyo, Mejumaa, isiyofunguliwa siku arubaini?

Kazi niliipata Mabela, nyuma ya gereji za matairi,
kwa Bi Zuwena binti Hamdun, dobi, miwani kwenye kamba,
Kiswahili chake cha Unguja ya zamani kimekunjwa vizuri,
kama nguo iliyowekwa kabatini na asumini.
Barua hakuniuliza. Aliniuliza,
"Kola waanzia wapi, ncha au kati?"
"Ncha," nikasema, "kuja kati. Ukianzia kati inafanya makunyanzi."
Kisha nikamwambia lile neno, maana lingefika tu.
Alikuwa akihesabu henga. Hakuacha.
"Mimi niliandikwa hivyo nina miaka sita," akasema,
"wala sikuwa nimemgongea mtu kadi. Thalathini na nane,
thalathini na tisa. Aproni ziko nyuma ya mlango."

Hayo tu. Hatujayarudia.

Jumanne liliingia gunia kubwa,
nembo niliijua kabla sijalifungua:
mashati ya kijani ya kampuni yangu, sabini na tano.
Wamemfukuza dobi wao, nasikia.
Nikayapanga kwa namba, na baina ya mia nne kumi na sita
na mia nne kumi na nane, nikajikuta.

Mshono wa mfuko ni wangu, uzi mweupe usiofanana.
Ila kola inanukia mafuta ya nywele ya mtu mwingine.
Mimi siajiriki. Namba imeajiriwa.

Lilipokauka nilisimama nalo, pasi inapumua.
Ningeweza kuliunguza. Kidogo tu, chini ya kwapa, nani angejua?
Nikamfikiria huyo binti, jina silijui,
pengine Mnepali, pengine wa Kwale kama mimi,
akijieleza mbele ya kijana mpole.

Nikaanzia ncha.
Nikaja kati.
Kifungo cha tatu kimelegea tangu enzi zangu; nikakikaza.
Halafu daftarini, kwa mwandiko wa kusomeka:
shati moja, kijani, baisa mia mbili,
lirudishwe.