Timazi

Fundi Famau hakujua kusoma.
Daftari la mishahara alilishika kichwa chini,
na kila Alhamisi, jua likiegemea mapaa ya Mkomani,
alituita mmoja mmoja, kwa kumbukumbu tu:

"Kadzo. Chokaa yako ya Jumanne
ilikuwa laini kama samli, nusura niilambe. Shika."
"Tuva. Safari kumi na nne toka gatini
na hakuna jiwe lililopasuka. Shika.
Na hii ni ya punda, usiinunulie miraa."
"Bunu."
Hapo nilikuwa naangalia vidole vya miguu.
"Jumatatu ulichelewa. Lakini boriti ile ya pili
ni wewe uliyeona imeliwa na mchwa. Mimi sikuona. Shika."

Pesa zilikuwa kidogo,
na vumbi la matumbawe katika mikunjo yake.
Niliwahi kumfanyia kazi mhandisi mmoja
aliyetuita "wewe", "nyinyi", "hawa watu".
Alilipa vizuri.
Sikumbuki nilinunua nini.

Siku moja akaja mkaguzi wa kaunti,
viatu vikitafuta pa kukanyaga,
akauona ukuta wangu
umetoa tumbo kama mtu aliyeshiba biriani.
"Nani kajenga kituko hiki?"
Ndoo zikasimama hewani. Kadzo akaacha kuchekecha.
"Mimi," akasema Famau. "Andika: Famau."
Akamtajia na herufi, fa, a, mu,
yeye asiyezijua, akaishia hapo.

Mkaguzi alipokwenda, nikangoja kofi.
Akanipa nyundo.
Tukaubomoa sote wawili, jiwe kwa jiwe,
mpaka adhana ya alasiri.

Kesho yake akanitupia timazi,
risasi ya babake yenye kamba ya katani.
"Pima wangu."
Nikapanda. Kamba ikacheza, ikatulia.
Ukuta wa Fundi ulikuwa nje kidole kimoja.
Nikameza mate.
"Umenyooka, Fundi."

Hakunikaripia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.
"Bunu, mato yangu ni mawili tu.
Nimekupa kamba uwe jito la tatu.
Ukinidanganya kwa adabu, nyumba itamwangukia nani?
Ukuta hausikii heshima."

Nikapanda tena.
"Kidole kimoja. Kulia."
Akacheka mpaka akakohoa chokaa.
"Mmesikia? Bunu kanikamata!"
Akamwambia muuza kahawa, akawaambia watoto wa chuoni,
kama anayetangaza harusi ya mwanawe.

Marumaru ya mlangoni ina majina manne,
ya waliokuja kwa boti ya kasi
wakarudi nayo kabla chakula hakijapoa.
Lakini usiku wa lipu ya mwisho
Famau alituita kwenye kidaka cha chini kabisa,
pale pasipofika taa,
tubonyeze gumba chokaa ingali mbichi.
Kadzo. Tuva. Mimi. Bi Zena wa mahamri.
Punda naye akavutwa hadi ndani,
Tuva akisema hiki ni kichaa,
Famau akisema huyu kabeba kuliko kaunti.
Ukwato wake umo, nenda ukapapase.
Yeye mwenyewe alikataa kubonyeza.
Tulimshika mkono kwa nguvu, watu watatu.

Sasa timazi iko kwangu.
Famau yuko Pate, anamjengea bintiye,
na hunipigia simu kunitukana.
Jana, kule Langoni, nimemaliza ukuta wa siku tatu.
Nauona mzuri. Naupenda.
Nikamwita Mbwarahaji, kijana wa siku tisa kazini.
"Pima wangu."

Kamba inacheza.
Kijana ananitazama mimi, ukuta kaupa mgongo.
"Huko," namwambia, "angalia huko,"
na moyo unanienda mbio, Famau.
Hukuniambia kwamba huenda hivi.