Nakala ya Kilichokataliwa

Danguolė wa benki ya damu si mtu wa makelele.
Aliniwekea mezani mifuko kumi na miwili,
O hasi, yote imeharibika kwa joto,
akasema: jokofu la nne halikuita.

Muuzaji wa jokofu, kutoka Kaunas, akaapa kwa simu:
liliita. Liliita mara arobaini.
Mmoja wao mwongo, basi.
Nami, fundi wa mtandao wa hospitali hii ya Klaipėda,
nikashuka kwenye seva saa nane usiku,
koti juu ya koti.

Ninavyotega ni hivi.
Siibi. Mwizi huondoka na kitu;
mimi nakiacha kiende zake, nabaki na nakala.
Pakiti inaingia kwa waya, kadi inaipokea,
inaikabidhi kwa kiini cha mfumo,
kule chini ambako programu za kawaida hazikanyagi,
na papo hapo mlangoni,
kabla haijaulizwa inakwenda kwa nani,
nimemkalisha mwandishi wangu.

Mwandishi ana chujio.
Nilimwagiza kwa maneno machache: jokofu hili, mlango huu, basi.
Maneno yakasagwa yakawa vihesabu,
linganisha, ruka, ndiyo, hapana,
vinavyoruka mbele tu, nyuma marufuku,
maana kiini hakimkaribishi ndani
mgeni anayeweza kuzunguka milele.

Kinachopita chujio kinapakuliwa kwenye duara la kumbukumbu.
Kiini kinapakua upande ule, mimi nala upande huu.
Nikizubaa, kikakuta sahani zote zimejaa,
hakinisubiri:
kinamwaga, na kinahesabu kilichomwagika.
Nimeupenda sana unyofu huo.
Ni watu wangapi watakuambia, wakiaga,
idadi ya maneno yako ambayo hawakuyasikia?

Saa tisa na dakika kumi nikampigia Danguolė.
Akafungua jokofu, sasa tupu, akauzuia mlango kwa kiti.
Tukangoja, yeye juu, mimi chini, simu zikiwa wazi.
Nyuzi sita, akasoma. Saba. Nane.
Akapiga chafya.
Tisa.

Mstari mmoja kwenye kioo changu.
Kisha mwingine.
Kisha mfululizo, kila sekunde tano,
kama mtoto anayegonga mlango wa choo.
Jokofu linaita!
"Kengele?" nikauliza.
"Ukutani kimya," akasema. "Kimya kama jana."

Nikaketi juu ya boksi la nyaya.
Kwa sababu najua mwandishi wangu anakaa wapi.
Anakaa nje ya bawabu, si ndani.
Ngome iko hatua moja nyuma yake,
hivyo anamwona hata anayekuja kufukuzwa,
anamwandika jina, saa, na sehemu ndogo ya sekunde,
halafu yanayompata huko mbele hayamhusu.
Ujumbe ulifika. Ulinakiliwa.
Ukanyongwa bila hata kuambiwa "hapana",
ndiyo maana jokofu likarudia na kurudia,
likidhani limesema kwa sauti ndogo.

Nikafungua amri za bawabu.
Ya kumi na saba, ya Oktoba,
siku ile tuliyokuwa tukihamisha seva na sote tuna haraka.
Pembeni pameandikwa: *ya muda tu, nitaitoa Jumatatu.*
Herufi mbili za mwandikaji: S.V.
Skirmantė Vaitkutė.
Wahenga walisema kikulacho kiko nguoni mwako;
hawakusema kwamba utakuwa umekishonea mfuko.

Nikaifuta. Juu, kengele ikalia
mpaka niliisikia kwa simu na kwa ngazi pia.
"Kwa hiyo nani mwongo?" Danguolė akauliza, akiondoa kiti.
Sikumjibu papo hapo.
Nilikuwa nimesimamisha mtego,
nao, kama ada yake, ukatoa hesabu kabla ya kulala:

zilizonaswa, hamsini na tatu.
Zilizomwagwa na kiini, sufuri.

Ningefurahi kupata hata moja.