Idadi: Mmoja

Mama alifuga kuku kumi na wanane Dagoretti
na kila Jumamosi alipigana vita na utitiri:
majivu ya jikoni, maji ya tumbaku,
mafuta ya taa kwenye nyufa za kiota.
Tuliwashwa sote hadi kwenye kope.
Neno lenyewe halina nafasi ya kiumbe mmoja.
Utitiri ni wingi, ni vyama vya siasa,
ni mabango ya wachungaji Barabara ya Jogoo.
Nani amewahi kuuona ukiwa peke yake?

Mimi. Alhamisi, saa kumi na robo,
ghorofa ya pili, dirisha linalotazama maegesho.

Udongo ulitoka chini ya muhuhu ulioanguka
Msitu wa Ngong, karibu na barabara ya mchepuko,
vijiko sita ndani ya kopo la siagi.
Askari wa lango, Ekidor, alilifungua akanusa:
"Dada, nilidhani unaiba kuni. Kumbe uchafu."
Akaandika kitabuni: Mgeni. Ametoka na mchanga.

Ukimimina udongo kwenye faneli
na kuwasha balbu juu yake, joto hushuka polepole,
na kila chenye miguu hukimbilia unyevu wa chini,
na unyevu wa chini ni spiriti.
Siku ya pili stima zilipotea Ngara nzima.
Nikakaa gizani nikiwafikiria
walioanza safari wakageuka,
walioghairi kufa kwa hisani ya transfoma.
Saa tano usiku balbu ikarudi.

Kisha hadubini. Kwanza wale wenye mkia wa fyatuo,
weupe kama chumvi, hawaruki tena.
Sungusungu wawili. Nge-bandia, magando mbele,
kama mgomvi aliyefika harusini mapema.
Kisha yeye:
robo ya milimita, rangi ya turungi,
miguu minane ameikunja,
na mgongoni malaika.
Ndivyo tuitavyo nywele zile laini za mwili,
sikulitunga mimi. Nami mshahara wangu
ni wa kuhesabu malaika.

Ufunguo wa uainishaji haufungui kitu,
huuliza tu, kama karani wa vitambulisho:
Malaika ya begani ni marefu? Nenda 7.
Yana vitawi? Nenda 12. Hayana? Nenda 15.
Nikaenda 15. Nikaenda 19.
Pale 19 walitaka jozi nne, au jozi sita.
Alikuwa na tano.
Nikahesabu tena. Nikafuta kioo, lenzi, macho.
Nikamwita Nyakerario ahesabu, sikumwambia kitu.
Akanyamaza hadi chai yangu ikapoa.
"Tano," akasema. "Kwani ulitaka ngapi?"

Nikampigia mama. Nimempata ambaye hajaandikwa popote.
"Kiroboto?"
"Utitiri, mama."
"Na umemuua?"
"Ndiyo."
"Vizuri."
Jogoo akawika nyuma yake, saa hiyo ya jioni, bila aibu.
"Sasa huyo," akauliza, "alikuwa akila nini?"
Sijui. Kuvu, labda. Uozo wa muhuhu.
Swali hilo halimo kwenye ufunguo.

Lebo huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka.
Mahali. Tarehe. Kimo kutoka baharini.
Mkusanyaji. Idadi.
Darasa la sita tulicharazwa kwa sababu ya ngeli:
kilicho hai hukaa A-WA, hata jina lianze na U,
hata kikikanyagwa hakisikiki.
Nyakerario hujaza tarakimu kwenye vichupa vyake vyote
na hakuna aliyewahi kulalamika.
Mimi nilichonga penseli upya, nikaandika kwa herufi
zilizobanana, ndani ya sentimita moja ya karatasi:
mmoja.