Sahani ya Kumi na Saba

Kazi yangu ilikuwa kuwalisha wasio na kinywa.
Kila asubuhi, kabla Tartu haijapangusa theluji machoni,
nilivua glavu, nikawasha taa ya hadubini,
nikawatonea amiba wangu riziki yao:
vijidudu wenye manyoya, wanaozunguka
kama watoto waliofunguliwa shule.

Amiba hana haraka. Hujimimina.
Akitaka kwenda hulituma tumbo kwanza,
mwingine wote hufuata.
Mguu hana; akiuhitaji huuunda,
akimaliza safari huurudisha mwilini.
Na bakteria akipita karibu, basi,
ukuta hufunguka bila mlango, hufumba bila kovu.
Mla hana jino, mliwa hana kilio.
Nimeyatazama hayo miaka thelathini na mmoja
na bado nashika pumzi.

Majani yalipopukutika mwaka ule, walianza kunifia.
Sahani ya kwanza, ya nne, ya tisa.
Walijikunja duara kama matone ya nta,
na ndani yao, nilipokaza lenzi,
vijiti. Vijiti juu ya vijiti, maelfu,
vimesongamana kama njiti kibiritini,
vimemezwa lakini havikuyeyuka.
Kikulacho ki nguoni mwako, hilo nalijua;
ila huyu aliletwa mezani awe chakula,
akakalia kiti cha mwenye nyumba.

"Mwaga zote, Leelo," alisema Profesa Raudsepp.
"Vyombo vichemshe mara mbili."
Nilimwaga kumi na sita.
Ya kumi na saba,
sitadai kwamba niliona mbele. Sikuona kitu.
Mgongo uliniuma, na ilikuwa Ijumaa.
Niliisukuma nyuma ya chupa za spiriti
nikaenda zangu nyumbani kumenya viazi.

Jumatatu walikuwa wanne, hai.
Wadogo, wanyonge, wepesi wa kufa njaa.
Niliwalisha kwa siri, kama mtu amfugaye paka wa jirani.
Wakagawanyika kwa kusitasita: wanne, sita, tena watano,
na kila aliyezaliwa alizaliwa na wageni tumboni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sijui humo ndani nani alimkabidhi nani jembe,
wala kwa maneno gani. Hakuna aliyeniita shahidi.
Ninajua tu kwamba vifo vilipungua,
vijiti navyo vikapungua, vikabaki vya kutosha,
na miaka mitano ikapita,
paa la maabara likang'olewa, likawekwa jingine,
profesa akazeeka, akawa mpole,
nami nikamwonyesha.

Hakunikaripia. Alivuta kiti, akatazama hadi chai ikapoa.
"Tuwatibu," akasema,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni la zamani.
Tukatia dawa ya kuua bakteria, kidogo kidogo.
Vijiti vikazimika kimoja kimoja
kama madirisha ya ng'ambo ya mto Emajõgi usiku wa manane.
Amiba wakatakata. Wakawa wazi kama kioo,
kama walivyokuwa mababu zao.
Kisha wakafa.
Wote. Hawakuwa na ugonjwa wowote.

Nimestaafu sasa. Nyumbani nina mpangaji, Vadim, wa Narva.
Alikuja kwa miezi miwili, Arvo alipofariki,
kwa sababu kuni zilikuwa ghali.
Huchemsha kahawa saa kumi na moja alfajiri,
buti zake hunikwaza ukumbini,
na Kiestonia chake kingali kinachechemea
baada ya miaka kumi na miwili.
Juma lililopita alikwenda kwa dada yake, siku nne.
Nilikaa jikoni nikisikiliza ufunguo usiokuja,
nikasahau kula.

Leo imeletwa fomu ya sensa.
*Wanaoishi katika kaya hii ni wangapi?*
Nimeandika mmoja, nikafuta.
Nimeandika wawili.
Karatasi imechubuka hapo,
na kifutio sijakirudisha mtotoni.