Chenza la Tatu

Tarehe tano Desemba, Dokkum. Mfereji unaanza kuganda,
kingo zake kama maziwa yanayoshika utando.
Jelmer ameweka kiatu chini ya bomba la jiko,
kwa kuwa nyumba hii haina dohani,
na ndani yake karoti moja iliyonyauka,
ya farasi.
"Mama, farasi atapitaje kwenye bomba?"
Nikamwambia farasi wa mtakatifu hana mifupa.
Akaniamini. Miaka sita ni umri wa kuamini makubwa
na kutilia shaka supu.

Kisha akauliza lile nililoliogopa:
"Kwa nini kila mwaka ni chenza?"

Nikamweleza nilivyoelezwa na bibi yangu Hiske,
aliyesimulia akimenya viazi, asiinue macho.
Palikuwa na mji, Mira, kando ya bahari isiyoganda,
na baba aliyefilisika, na binti zake watatu.
Huko mahari ilitoka kwa baba wa binti.
Asiye nayo alibaki na binti,
na yule baba, njaa ilipomkaba,
alikwisha kuwapigia hesabu.
Usiku akapita mtu, akarusha dhahabu dirishani.
Wa kwanza akaolewa. Usiku mwingine, wa pili.

Hapo bibi alisita, kiazi mkononi.
Mara ya tatu, wengine husema, dirisha lilifungwa,
mtu yule akapanda paani,
dhahabu ikashuka na masizi
ikatua ndani ya soksi iliyoanikwa.
Soksi ya nani? Hadithi haisemi.
Jina la mtoaji tunalo: tumelichonga,
tumelivika kofia ndefu na ndevu za pamba.
Majina ya wasichana watatu
hayakupata hata kengele.

Hivyo ndivyo hadithi inavyosafiri,
kila nyumba inaivisha ilicho nacho.
Soksi ikawa kiatu, kwa kuwa hapa tulikuwa na viatu vya mbao.
Dhahabu, wachoraji waliichora mviringo,
na jicho la mwenye njaa likaona tunda.
Dhahabu haiji Dokkum.
Chenza huja, kwa lori, kutoka kusini.

Mwaka huu hata chenza.
Kiwanda cha jibini kimefungwa tangu Septemba;
nina yuro nne na senti, na Ijumaa iko mbali.
Nililala nikitunga uongo wa asubuhi:
farasi ameteguka. Farasi amepotea Groningen.

Saa sita na kitu, hatua kwenye ngazi.
Moja nzito, moja nyepesi.
Naujua mguu ule: Oebele wa chini,
aliyeanguka akitengeneza saa ya kanisa.
Tundu la barua likalia.
Chenza likaanguka. La pili likaanguka.
La tatu likakwama.
Nikamsikia akilisukuma, akinong'ona matusi
ambayo mtakatifu yeyote angeyaungama.

Baba wa Mira alitoka mbio,
akamshika mtoaji kanzu,
akamshukuru mpaka akamwaibisha.
Mimi nikavuta blanketi hadi puani.
Kutoa ni moyo, ndiyo;
na kupokea nako kuna moyo wake:
kujua, na kulala.

Asubuhi Jelmer alipiga kelele mlangoni.
"Farasi ameshindwa! Moja limekwama!"
Mawili akayachukua. Lile la tatu, lililochubuka,
nililimenya mwenyewe, nimesimama dirishani,
kipande kwa kipande,
kwa ajili ya msichana ambaye soksi yake ilikuwa bado mbichi
na ambaye hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.

Karoti niliitia kwenye supu.
Bakuli la kwanza nikalishusha ghorofa ya chini,
nikaliweka kizingitini, nikagonga,
nikapanda ngazi mbio kama mwizi.
Jelmer alikuwa mezani, kijiko hewani,
akikitazama kipande cha rangi ya chungwa
kwa mashaka makubwa.