Uwanja Usiofagiwa

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, Julai.
Loleza umejifunika ukungu hadi miguuni.
Nafungua kabati la kuoteshea, nyuzi thelathini na saba,
mahali pekee hospitalini pasipo na baridi,
natoa sahani ya Ambindwile.

Ambindwile Mwasomola, miaka thelathini na minne,
mpakiaji wa viazi, Uyole.
Wenzake watatu walimleta Jumatatu usiku
kwa kirikuu chenye udongo wa shamba bado,
mguu umevimba hadi gotini, jasho linamtiririka
katika baridi iliyowatetemesha wazima.
Msumari tu, walisema. Msumari wa ubao wa lori.
Wiki mbili sasa.
Na dawa alikunywa.

Dawa gani?
Rangi mbili.
Ngapi?
Wakatazamana.
Vinne. Vingine alimwachia mwanawe, ana kikohozi.

Daktari Tusekile hakuweza kunisubiri.
Usaha unataka siku mbili, tatu, ndipo useme jina lake,
na mgonjwa wa dharura hana keshokutwa.
Akamtundikia dawa anayoiamini,
kama mtu afungaye mlango gizani
asijue mwizi yuko nje au yumo ndani.

Sasa nikuambie ninachokiona.
Vibati sita vya karatasi, vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha shati,
kila kimoja na dawa yake.
Dawa ikiwa na nguvu, pembezoni mwake hubaki peupe,
duara safi, kama uwanja wa bibi yangu kule Masoko
alioufagia kabla jogoo hajarudia kuwika.
Hapaoti kitu.

Nainua sahani kwenye mwanga.
Cha kwanza: nyasi hadi kizingitini.
Cha pili: nyasi hadi kizingitini.
Cha tatu, ile ile inayodondoka mshipani mwake tangu Jumatatu:
nyasi zimepanda hadi paani.
Cha nne. Cha tano.
Nilivipanga mwenyewe kwa koleo; mkono haukukosea.

Cha sita kina uwanja.
Naweka rula. Milimita ishirini na mbili.
Nauweka tena.

Ya sita haipo stoo.
Chupa moja ni bei ya magunia mawili,
naye anataka tatu kwa siku.

Ah, sisi tunajua kujaza!
Gunia tunalivika kilemba, tunalishonea na kofia,
mpaka mwanamume anapinda kama ndoano chini yake.
Lumbesa ya viazi, lumbesa ya vitunguu.
Dozi peke yake ndiyo tunaipunja.

Usidhani nahubiri.
Juzi, nyumbani Isyesye, nikitafuta uzi kwenye droo
nilikuta karatasi ya vidonge, sita vimebaki.
Vya nani? Vyangu. Vya jino, mwezi wa tatu.
Maumivu yalipokoma, nami nikakoma.
Na nyuma ya mlango kuna kopo la unga wa njano, wa kuku;
tunawatilia majini hata wakiwa wazima,
kinga bora kuliko tiba, tukasema,
tukala mayai.
Adui umpigaye nusu
umemfundisha fimbo yako.

Nainua simu ya mezani. Dharura.
Tusekile anapokea kabla haijaita mara mbili.
Ya sita, namwambia.
Ya sita tu?
Ya sita tu.

Hakati simu. Nasikia mashine ikilia kwa mbali,
tofali la baridi likitua kifuani mwangu,
kisha sauti yake ikimgeukia mtu,
labda yule kaka aliyelala benchini
amejifunika turubai la lori:

Viazi vyenu, shambani, vimebakiza muda gani?

Mwezi na nusu, daktari.

Kimya.

Ni vichanga. Lakini vikivutwa vitang'oka.